Ndigana Kali: Kiumbe Kinachosubiri Kuingia Ndani

Mfugaji wa Nkwenda au Kaisho, mkoani Kagera, akiona ng'ombe wake ameacha kula na anabaki nyuma ya wenzake, haanzi kwa kutafuta kipimajoto. Anamshika kichwa, anapeleka vidole chini ya sikio, kwenye tezi ambayo kwa ng'ombe mwenye afya huigusi kwa urahisi. Ikiwa imevimba hadi inajaa kiganjani, analigeuza sikio na kulichungulia kwa ndani. Mara nyingi atakuta kupe wa kahawia wamejibana kwenye manyoya, wengine wametuna kwa damu. Kinachofuata, wafugaji wa Karagwe na Kyerwa wanakijua vizuri mno: homa, tezi za mbele ya bega nazo zinavimba, machozi yanatiririka, pumzi inakuwa fupi, na mwisho povu jeupe linatoka puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Hiyo ndiyo ndigana kali. Tangu kupe aume hadi ng'ombe afe, mara nyingi ni wiki tatu au nne.

Anayemuua ni kiumbe cha seli moja kinachoitwa Theileria parva. Kinapotoka kwenye mate ya kupe, urefu wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Hakina mkia wa kuogelea wala mdomo wa kung'atia. Kilicho nacho ni vifuko vichache vyenye protini, vilivyofungwa vizuri, vikisubiri wakati wake. Ilichukua karibu karne nzima, kuanzia siku kiumbe hiki kilipoonwa kwa mara ya kwanza chini ya hadubini, kwa watu kufahamu vifuko hivyo vinafunguliwa lini. Na jibu lilipopatikana, lilieleza pia kwa nini ng'ombe wa zamani wa Karagwe waliishi na ugonjwa huu bila kuangamia.

Tuanze na ng'ombe hao. Wasafiri wa Uingereza Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, mnamo Novemba 1861, walikuta ufalme unaoishi kwa maziwa. Speke aliandika kwa mshangao juu ya wanawake wa ukoo wa kifalme waliokuwa wakinyweshwa maziwa hadi wakashindwa kusimama bila kusaidiwa, na akafika hata kumpima mmoja wao kwa kamba, jambo ambalo leo lingemfukuzisha nyumbani kwa mtu.   Katika hazina ya kifalme ya Bweranyange kulikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, pembe zao ndefu zikipinda juu, maana huko ng'ombe alikuwa mali, mahari, na alama ya utawala kwa pamoja.

Sasa, milima ile ina mvua mbili kwa mwaka, majani mengi, na unyevu ambao kupe wa masikio anaupenda. Mahali pa namna hiyo kupe hawakosekani kwa muda mrefu, kwa hiyo ndama huumwa tangu akiwa mdogo. Baadhi hufa. Anayepona anabaki na kinga kwa miaka mingi, na kila kupe anayemuuma baadaye anaikumbusha kinga hiyo. Matokeo yake ni kundi ambalo lina kimelea, lina kupe, lakini halina maafa.

Ushahidi mzuri wa hali hiyo uliandikwa ng'ambo ya mto Kagera. Mwaka 1910 tume ya malale iliyoongozwa na David Bruce, yenye kambi Mpumu, Uganda, ilichapisha taarifa kuhusu ugonjwa ambao wenyeji waliuita amakebe. Bruce na wenzake waligundua kwamba ulikuwa ugonjwa uleule uliokuwa ukiua mifugo kusini mwa Afrika. Lakini katika kichwa cha taarifa yao waliuita ugonjwa wa ndama, kwa kuwa wafugaji ndivyo walivyoujua. Ng'ombe mzima kufa kwa amakebe halikuwa jambo la kawaida. Nadhani tume ilipita karibu sana na jambo kubwa bila kusimama: watu wa nchi hizi walikuwa wanaishi ndani ya chanjo ya asili, na gharama yake waliilipa kwa ndama.

Mizani hiyo ilipata mitikisiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuwamaliza ng'ombe wa Karagwe kwa wingi. Watu walipungua kwa njaa na magonjwa, malisho yasiyolishwa yakageuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Habari hiyo ilisimuliwa na John Ford, mtaalamu wa mbung'o, pamoja na R. de Z. Hall, katika makala yao ya historia ya Karagwe iliyotoka mwaka 1947 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wakati huo Karagwe ilihesabiwa bado kuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba. Ford alikuja kuikuza hoja hiyo katika kitabu kikubwa cha mwaka 1971: kwamba watu na mifugo yao walikuwa wameuzuia ugonjwa kwa namna walivyoishi, kabla ya daktari yeyote kuja na sindano, na kwamba maafa yalianza pale maisha hayo yalipovunjwa. Aliandika juu ya nagana na malale, magonjwa yanayoletwa na mbung'o kwa ng'ombe na kwa watu. Mimi naiona hoja yake inaingia hata vizuri zaidi kwenye ndigana kali.

Kimelea chenyewe kilikwisha kuonwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1897 Robert Koch, daktari Mjerumani, akitokea India, alikaa Dar es Salaam na kuchunguza damu ya ng'ombe wa pwani. Ndani ya chembe nyekundu aliona vijiti na nukta ndogo sana, akadhani ni hatua changa ya ugonjwa mwingine wa kupe uliokuwa ukijulikana Marekani. Hakuwa peke yake katika kukosea. Hakuna mtu aliyekuwa na cha kulinganisha. Miaka michache baadaye ng'ombe walisafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu hadi Beira kwenda kujaza mazizi ya Rhodesia yaliyoachwa wazi na sotoka na vita. Kupe walisafiri nao. Mwaka 1902 ng'ombe wa huko, ambao hawakuwahi kuumwa na kupe mwenye kimelea hiki tangu wakiwa ndama, walianza kufa kundi zima. Kabla ugonjwa haujadhibitiwa, zaidi ya ng'ombe milioni moja kusini mwa Afrika walikuwa wamekufa au kuchinjwa.

Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903. Akautambua ugonjwa kuwa wa peke yake, akautaja kwa jina la pwani ya Afrika, kisha akapendekeza kinga ya kuwadunga ng'ombe damu ya waliopona. Haikufanya kazi. Arnold Theiler, daktari wa mifugo kutoka Uswisi aliyekuwa Pretoria, ambaye jina lake ndilo kimelea kinalibeba hadi leo, alionyesha sababu: ugonjwa huu hauhamishwi kwa urahisi kwa kudunga damu. Mwaka 1904 mtaalamu wa wadudu Charles Lounsbury alithibitisha kwamba mchukuzi ni kupe wa kahawia wa masikioni. Hapo ndipo majosho yalipopata kazi yake kubwa. Huko Natal, daktari wa mifugo Watkins-Pitchford alipanga ratiba ya kuogesha ng'ombe kwa dawa ya aseniki kila baada ya siku tatu au tano.

Ratiba hiyo ilikuwa na akili kuliko waliyokuwa nayo walioipanga. Kupe anapojishika sikioni, kimelea ndani yake hakiko tayari. Kimelala kwenye tezi ya mate, tonge moja lisilo na umbo. Joto la mwili wa ng'ombe na damu ya kwanza ndivyo vinavyokiamsha. Kwa siku tatu hadi nne tonge hilo hujigawa ndani ya seli moja ya tezi hadi kutoa sporozoiti, yaani vimelea vilivyo tayari kuambukiza, 30,000 hadi 50,000. Kupe akiuawa siku ya pili, ng'ombe hajaambukizwa chochote.

Na siku hizo tatu ndizo ambazo vifuko hutengenezwa. Kila sporozoiti inayoumbika hujenga kiwanda chake. Protini inayokusudiwa kutoka nje huzaliwa ikiwa na kipande kifupi cha amino asidi mwanzoni, ambacho kazi yake ni kuielekeza ndani ya mtandao wa vijitando vya seli. Ikishaingia, kipande hicho hukatwa. Kutoka hapo protini huvuka hadi kwenye Golgi, mahali pa kupangwa na kufungashwa, na huondoka ndani ya vijipovu vidogo vinavyoelekea upande mmoja wa seli. Huko vijipovu huungana kuwa vifuko vikubwa zaidi: roptri, zenye umbo la rungu, na pamoja nazo vifuko vidogo vya duara. Protini nyingine hufungwa zikiwa ndefu kuliko zinavyohitajika, na vimeng'enya huzikata njiani ili ziwe tayari kwa kazi. Mengi kati ya haya yalisomwa kwanza kwa jamaa zake, Toksoplazma na kimelea cha malaria, ambao wanafugika maabara kwa urahisi zaidi. Kwa Theileria yenyewe, wachunguzi waliweza kuonyesha protini inayoitwa p104 ikiwa ndani ya vifuko hivyo, na nyingine, p67, ikiwa imeufunika mwili wa sporozoiti kwa nje.

Walichokuwa hawajui ni vifuko hivyo vinatumikaje. Kwa kimelea cha malaria jibu lilikuwa linaeleweka: kinaligeuza tundu lake la mbele likabiliane na seli, kinamwaga protini za vifukoni, na protini hizo ndizo zinazokishikiza na kukifungulia njia. Ilikuwa rahisi kudhani Theileria inafanya vivyo hivyo.

Kazi ya kuligundua jambo hilo ilifanyika Kenya. Kwanza Muguga, nje ya Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki, ambako katikati ya miaka ya 1960 Hulliger, Brown na wenzao walikuza chembe nyeupe za damu ya ng'ombe zenye kimelea ndani ya chupa, wakaona jambo la ajabu: chembe ikijigawa, kimelea kinajigawa pamoja nayo, kila binti akiondoka na sehemu yake. Mwaka 1970 Malmquist, Nyindo na Brown walionyesha kwamba chembe hizo zikishaambukizwa hugeuka na kuendelea kujigawa bila kikomo, kama za saratani. Kisha ikaja ILRAD, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya magonjwa mawili tu, ndigana kali na nagana. Huko alikwenda Don Fawcett, aliyekuwa mwalimu wa anatomia Harvard na mmoja wa mabingwa wa dunia wa hadubini ya elektroni. Wengine wakistaafu hulima maua. Yeye alihamia Nairobi kupiga picha za sporozoiti.

Picha zake na za wenzake, zilizochapishwa mwaka 1982 na tena mwaka 1984 pamoja na Musoke na Voigt, zinasimulia hatua kwa hatua. Sporozoiti inagusa limfosaiti, yaani chembe nyeupe ya damu, kwa upande wowote, hata kwa mgongo. Haijigeuzi wala haisukumi. Utando wa limfosaiti unajibana kuizunguka sporozoiti pande zote hadi inamezwa nzima. Na wakati huu wote vifuko vimefungwa. Hakuna kilichomwagwa.

Ndani ya dakika chache baada ya kumezwa, mambo yanabadilika. Sasa sporozoiti imefungiwa ndani ya utando wa mwenyeji, na kwa kawaida mgeni aliyefungiwa hivyo huletewa vimeng'enya vya kumsaga. Hapo ndipo roptri na vile vifuko vya duara vinapofunguka. Protini zinamwagika kati ya kimelea na utando unaokizunguka, na utando huo unayeyuka. Kimelea kinabaki kitupu katikati ya seli, na vijirija vya seli yenyewe, vile vinavyoipa umbo, vinakuja kukizunguka. Kimehama kutoka kizuizini hadi sebuleni. Tangu hapo mwenyeji hana tena utando wa kukisagia.

Naona hili ndilo lililofanya ndigana kali kuwa ngumu kuliko magonjwa mengine ya kupe. Chanjo nyingi hutegemea kingamwili, na kingamwili hufanya kazi nje ya seli. Sporozoiti inakaa nje kwa muda mfupi mno, na silaha zake hazitolewi nje kamwe, kwa hiyo damu ya ng'ombe haizijui. Koch alipodunga damu ya waliopona alikuwa anapigana na adui ambaye amekwisha kuingia na kufunga mlango. Hata p67, iliyo nje na inayoonekana, ilipojaribiwa kama chanjo na Musoke na wenzake kuanzia mwaka 1992, kwenye malisho ilipunguza ugonjwa mkali kwa karibu nusu tu. Nusu si haba, lakini haimtoshi mtu mwenye ng'ombe wawili.

Utoaji wa protini hauishii kwenye zile roptri. Kimelea kikishatulia na kukua, huendelea kutuma protini ndani ya seli iliyokipokea. Mwaka 2015 kundi la Jonathan Weitzman mjini Paris lilieleza katika jarida la Nature kimeng'enya kimoja kinachoitwa Pin1, ambacho Theileria hukitengeneza kikiwa na kile kipande cha mwanzo cha kukipeleka nje. Kikishatoka, kinashikana na protini ya ng'ombe ambayo kazi yake ni kuondoa ishara za kujigawa. Mwondoaji anavunjwa, ishara zinabaki, na chembe inaendelea kuzaana. Watafiti hao walionyesha pia kwamba buparvakwoni, dawa ambayo maduka ya mifugo ya Kayanga huiuza kwa bei inayomfanya mfugaji afikirie mara mbili, hujipenyeza kwenye kimeng'enya hicho. Wengine wameonyesha kwamba inapiga pia mahali pengine, kwenye protini ya kimelea iitwayo saitokromu b, na yawezekana pande zote mbili zina haki. Kinachojulikana kwa kila mfugaji ni kwamba dawa hiyo hufaa ikiwahi. Povu likishatoka puani, umechelewa.

Turudi milimani. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 Kagera iliingia kwenye ng'ombe wa maziwa kwa nguvu, hasa kupitia mpango wa maendeleo ya mifugo uliofadhiliwa na Uholanzi: familia inapewa mtamba chotara, inamlipia kwa ndama. Sababu haikuwa maziwa peke yake. Kibanja, yaani shamba la migomba, bila samadi kinachoka, na migomba inayochoka ndiyo njaa yenyewe. Ng'ombe mmoja bandani, akikatiwa majani ya tembo, alikuwa uhai wa kibanja kizima. Lakini chotara huyu alikuwa hana historia na kupe wa hapa. Tena, kwa kumfungia bandani na kumpulizia dawa, mwenye ng'ombe alimnyima nafasi ya kuumwa utotoni, ile iliyowalinda ng'ombe wenye pembe ndefu. Siku majani yamekatwa karibu na njia ya mifugo, yakaja na kupe wawili watatu, mtaji wa familia unalala chini. Majosho nayo, yaliyokuwa yakiendeshwa kwa ruzuku ya serikali, mengi yalikauka pale ruzuku ilipoondolewa.

Chanjo inayofanya kazi kweli ilitoka Muguga katika miaka ya 1970, na ukiitazama vizuri ni ule utaratibu wa ndama wa zamani, uliopimwa kwa dozi. Kupe wenye kimelea hulishwa juu ya sungura hadi siku ya nne, sporozoiti zikiwa zimekomaa na vifuko vimejaa. Kupe husagwa, mchanganyiko wa aina tatu za kimelea hugandishwa, na ng'ombe hudungwa kimelea hai karibu na sikio. Siku hiyo hiyo hupigwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, ambayo hukipunguza kimelea kasi bila kukimaliza. Vifuko vinafunguka kama kawaida, utando unayeyuka, kimelea kinaingia, lakini safari hii chembe za kinga zinapata muda wa kujifunza kuzitambua na kuziua seli zenye mgeni. Kinga hiyo hudumu miaka, pengine maisha yote.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 chanjo hii imesambazwa Tanzania, na Wamaasai wa kaskazini ndio walioipokea kwa haraka zaidi, kwa kuchanja ndama wao kwa maelfu. Kwenye vibanja vya Karagwe hesabu ni tofauti. Mrija mmoja hutoa dozi 40 hivi. Husafirishwa ndani ya mtungi wa naitrojeni kimiminika, na ukishayeyushwa lazima utumike ndani ya saa chache. Mfugaji wa Kimaasai wa Monduli anaumaliza mrija kwa zizi lake mwenyewe kabla ya jua kuwa kali. Afisa mifugo wa Kyerwa lazima kwanza aandikishe kaya 20 zenye ng'ombe mmoja mmoja au wawili, zilizotawanyika milimani, zote zikubali kulipa na kuwa nyumbani asubuhi hiyo hiyo. Mvua ikinyesha na barabara ikakatika, mrija umeharibika. Ugumu wa chanjo hii Kagera, kwa maoni yangu, ni wa mtungi na barabara kuliko wa sayansi.

Bado kuna nyati. Yeye ndiye mwenyeji wa asili wa Theileria parva: anaibeba bila kuugua. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya eneo hili, yenye nyati, yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe, na Burigi-Chato kusini yake. Kupe aliyemnyonya nyati mle ndani akidondoka kwenye malisho ya mpakani, hubeba kimelea ambacho kina tofauti nyingi za kijenetiki kuliko kile cha ng'ombe kwa ng'ombe. Majaribio yaliyofanywa Kenya yameonyesha kwamba ng'ombe waliochanjwa kwa mchanganyiko wa Muguga wanaweza kufa wakilishwa pamoja na nyati. Kwa hiyo mfugaji wa pembezoni mwa Ibanda, hata akiwa amechanja, anaendelea kupuliza dawa ya kupe, na ndama wake wa mwaka huu hawapeleki upande wa hifadhi.